Ukingo Mweusi wa Kioo

Wambui mwanangu,

Ukiona maandishi yamekuwa makubwa hivi, na mistari inapanda kama barabara ya kwenda Molo, usicheke kwanza. Natumia ile kalamu nene ya kuandikia bei kwenye maboksi. Ni saa tisa mchana, nimeketi mlangoni hapa Bondeni ili jua linipige kwenye karatasi, nawe umeenda Molo kumuaga shosho yako, mama yangu. Utarudi jioni. Najua barua ya namna hii mtu huiandika usiku wa mwisho, mwenye safari akiwa amelala, lakini mimi usiku siwezi kuandika tena. Sababu yake ndiyo barua yenyewe.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala watu wa kuepuka huko Lodwar unakoenda kesho kuanza kazi. Tangu mama yako atuache ukiwa kidato cha pili, ni wewe umekuwa ukinikumbusha mimi kufunga gesi. Wa kuagizwa humu ndani ni mimi.

Pamoja na barua hii nimekuwekea saa mbili za mkononi, zile za kuchaji kama simu, kwenye begi, zimefungwa kwa kitambaa cha kufutia vioo. Zote mbili ni za mraba, na zote zimeandikwa 42 mgongoni. Ziwashe, uziweke bega kwa bega kitandani. Nitangoja.

Umeona? Ile ya zamani picha yake imekaa katikati, na pande zote kuna ukingo mweusi mpana. Ile mpya picha imejaa hadi kwenye kona, ukingo umebaki uzi tu. Mwili karibu ni ule ule. Ya zamani ina nukta za mwanga 312 kwa upana na 390 kwa urefu. Mpya ina 374 kwa 446. Sihitaji kuangalia popote ili kuziandika nambari hizo, ulinifundisha wewe.

Unakumbuka jinsi tulivyoanza kubishana juu ya hiyo 42. Kizazi cha kwanza cha saa hizo kilikuja kwa vipimo viwili, 38 na 42, na 42 ndiyo ilikuwa ya watu wenye mikono minene. Baadaye wakatoa 40 na 44. Kisha 41 na 45. Halafu hiki kizazi cha juzi kikaja na 42 na 46, na 42 ikawa ndiyo ndogo. Na nambari yenyewe si hata ya kioo, ni milimita za mwili wa saa kutoka juu hadi chini. Mimi fundi wa miaka yote hiyo, niliyeanza na saa za mishale kabla hujazaliwa, nilikuwa sijalitia hilo akilini. Mteja akaleta 42 mpya imepasuka, nikashika simu kuagiza kioo Nairobi.

"Baba, mwambie ni ya kizazi gani," ukasema.

"Arobaini na mbili ni arobaini na mbili."

Kioo kikaja, hakikuingia. Nikampigia mwuzaji nikamfokea hadi watu wakageuka, na wewe ukawa unacheka ndani ya mkono wa sweta. Jumamosi iliyofuata ukaja kwenye kibanda changu cha saa na daftari lako la zamani la kemia, umechora jedwali: kizazi, mwili, kioo, nukta. Ukaniambia jambo ambalo hakuna mteja wala mwuzaji aliyewahi kuniambia.

"Ona, Baba, nukta ni zile zile. Kwa inchi moja idadi haijabadilika kutoka hii ya kwanza. Wanapanua tu skrini na kupunguza huu ukingo. Kwa hivyo mtu asikudanganye ati mpya inaonyesha vizuri kuliko ya zamani. Inaonyesha mengi, si vizuri."

Niliitikia kama mtu anayesikiliza. Ningekuwa nimesikiliza kweli, leo ningekuwa na barua fupi.

Kwa sababu si muda mrefu baada ya hapo nikaanza kuona vioo vibaya. Kila saa iliyokuja mezani nilikuta pembeni pamefifia. Nikasema mitumba ya siku hizi imechoka. Nikasema wamebadilisha kiwanda. Nikanunua taa kali ya mezani, nikailaumu hiyo taa, nikanunua nyingine. Nilikuwa nawaeleza wateja kwa ujuzi kabisa kwamba kioo cha aina hii kila nukta hujiwasha yenyewe, haina taa nyuma, na nukta zikizeeka hufa kuanzia pembeni. Nukta za pembeni hazina sababu ya kufa kwanza, Wambui. Hilo nililitunga pale pale, nikaliamini.

Ndipo akaja yule mwalimu wa Keringet, yule mama mrefu mwenye sauti ya chini. Nataka nikueleze siku hiyo hata kama ulikuwepo, kwa sababu wewe uliiona kutoka upande wako tu.

Alileta 42 ya zamani kubadilisha betri. Hakulalamikia kioo hata kidogo. Niliifungua, nikaiwasha, nikaona pembeni giza. Nikamwambia kioo kinakufa, afadhali nikitoe kabisa. Wewe ulikuwa unapanga mikanda kwenye kadi. Ukainama ukaangalia.

"Baba, hii skrini iko sawa. Badilisha tu betri."

Nikasema najua ninachofanya. Ukasema, polepole, kwa heshima, "Haina shida, Baba, cheki tena." Nami nikakugeukia mbele ya yule mama na mbele ya jirani yetu Mama Halima aliyekuwa ameleta chai, nikasema, "Kwani hapa fundi ni nani?"

Ukarudi kwenye mikanda yako. Kioo kizima nikakivunja nikikitoa, kwa kuwa kilikuwa kimeshika vizuri, hakikuwa na nia ya kutoka. Nikaweka cha kuiga, kile chenye taa nyuma, ambacho nyeusi yake ni kijivu na ukitoka nje juani unaona uso wako mwenyewe. Kile kilichovunjika nikakitupa kwenye debe.

Mwalimu akarudi baada ya wiki. "Fundi, sasa ndio siioni kabisa. Nikiwa nje na watoto wa shule, hakuna kitu. Na hii saa ilikuwa ya bwana yangu." Alisema ilikuwa. Nikaelewa maana yake, na badala ya kuomba radhi nikaogopa. Nikamwambia, "Ni huyu msichana wangu, mama. Alikibonyeza vibaya wakati wa kukitoa. Bado anajifunza."

Ulikuwa nyuma yangu. Nilidhani umeenda kuchota maji. Ulikuwa umeshika kitambaa, unafuta meza mahali ambapo palikuwa pasafi tayari, na uliendelea kufuta.

Laiti ungenipigia kelele. Jumamosi iliyofuata ukasema una masomo, na iliyofuata hiyo pia, na mimi nikajifanya nimeamini. Ulipoanza kuomba kazi za maabara mbali, Lodwar, Mandera, Lamu, popote palipo mbali na Nakuru, watu waliniambia una bidii. Nilijua ni nini. Nimeondoa mtoto kwenye meza yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa ajili ya kosa langu mwenyewe, na sijawahi kukuomba msamaha. Naomba sasa. Ulikuwa sahihi. Kioo kilikuwa sawa. Ni macho yangu.

Pumzika hapo kidogo ukitaka. Mimi pia nimepumzika, nimeenda kunawa uso.

Guka yako, baba yangu, humkumbuki vizuri, alikufa ukiwa mdogo. Alikuwa na shamba la viazi kule Molo, lile ambalo shosho yako bado anang'ang'ana nalo. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa akigonga nguzo ya lango kwa bega. Kila siku, nguzo ile ile aliyoisimika mwenyewe. Sisi vijana wake tulicheka. Tulisema ameanza kuonja pombe mapema. Alikuwa anageuza kichwa upande akizungumza nawe, kama kuku anayeangalia mwewe, na mimi, mwenye kipaji cha kuiga watu, nilikuwa nikimuigiza mezani hadi ndugu zangu wanashindwa kumeza ugali. Alicheka pia. Mpaka siku moja akasimama katikati ya viazi mchana kweupe akaniita jina, nami nilikuwa hatua tatu mbele yake. Tulisema ni uzee, na hakuna aliyempeleka popote.

Miezi minane iliyopita Mama Halima alinimiminia chai, nikanyoosha mkono kuchukua kikombe, nikakigonga kikamwagika chote kwenye mapaja yangu.

"Wewe mzee, hii chai ni ya kunywa ama ya kuoga?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasogeza kikombe kingine polepole pembeni ya meza, akaniuliza, "Baba Wambui, kikombe kiko wapi?" Nilikuwa namtazama usoni. Sikukiona. Akasema, "Kesho unaenda kwa daktari wa macho. Usipoenda nitamwambia mtoto." Hivyo ndivyo nilivyokwenda, kwa kutishiwa jina lako.

Kule walinikalisha mbele ya bakuli jeupe, jicho moja limefunikwa, wakanipa kidude cha kubonyeza kila nikiona kijitaa kikiwaka. Nilibonyeza mara chache, halafu nikakaa muda mrefu bila kitu. Unajua nilifanya nini? Nilimwambia yule dada mashine yake imeharibika, na kwamba mimi ni fundi, naweza kumtazamia. Akasema, "Mashine iko sawa, mzee." Maneno yako yale yale.

Daktari akanionyesha karatasi. Katikati peupe, pande zote nyeusi. Nimeshika saa maisha yangu yote, nikaijua picha hiyo mara moja. Vizazi vyote hivyo wamekuwa wakiupunguza ukingo mweusi, milimita kwa milimita, na mimi nikikaa pale kibandani nikivisifia, wangu ulikuwa unapanuka.

Nikamuuliza inawezekanaje nisijue. Akasema ubongo huziba pengo lenyewe, mtu haoni giza, anaona tu kwamba kitu hakipo. Nikamwelewa upesi kuliko alivyotarajia. Ile saa ya kwanza iliundwa hivyo hivyo: nyeusi ya picha na nyeusi ya ukingo zinaungana, na usipoweka picha nyeupe hutajua kamwe kioo kinaishia wapi. Hiyo uliyonayo hapo kitandani, iwekee picha nyeusi uone. Inaonekana nzima.

Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kushikilia kilichobaki, na cha kwangu kilichobaki si kikubwa kwa kuwa nilichelewa. Halafu akaniuliza maswali mawili. "Kwenu kuna mtu alipofuka?" Nikamwambia habari za nguzo ya lango. "Una watoto?" Nikasema mmoja. Akaacha kuandika. Akasema, "Huyo apimwe. Hii kitu inatembea kwa familia. Apimwe sasa, akiwa hana dalili, na awe anapimwa kila mara."

Hiyo ni miezi minane, Wambui. Nimekaa na maneno hayo miezi minane. Nataka ujue kwa nini, na sitajipamba. Wiki ile ile ndiyo barua yako ya kazi ilifika, ikikutaka uripoti mwezi huu. Nikajiambia nikisema utabaki, utaiacha kazi, utakaa hapa unishike mkono kwenda sokoni hadi nywele zako ziwe nyeupe. Hiyo ni nusu ya kweli, na ndiyo nusu nzuri. Nusu ya pili ni kwamba kukwambia kuhusu macho ni kukwambia kuhusu mwalimu, na kukwambia kuhusu mwalimu ni kukubali nilichokufanyia. Niliweka aibu yangu mbele ya macho yako. Sijui kama kuna kosa kubwa kuliko hilo ambalo mzazi anaweza kufanya bila kuinua mkono.

Nilianza kukiri kwa njia rahisi, kama kawaida yangu. Nilitafuta nambari ya yule mwalimu nikampigia kwanza yeye. Nikamweleza yote: kioo kilikuwa kizima, msichana hakukigusa, nilikuwa sioni. Kisha akauliza, "Kile kioo chake cha kwanza, bado unacho?"

Nikasema nilikitupa.

"Sawa," akasema. Na baada ya hapo: "Kwa nini unaniambia mimi, fundi? Mimi nilishazoea. Mwambie mtoto."

Sina la kukueleza ili simu ile isikike vizuri zaidi. Hakunisamehe, wala hakunitukana. Alikata simu na mimi nikabaki na kibanda kimejaa saa zinazowaka. Tangu siku hiyo sijafungua kioo cha mtu. Nabadilisha mikanda na betri, kazi ya vidole, na vioo nawaelekeza kwa fundi mwingine. Wateja wanadhani nimekuwa mvivu, na mimi nawaacha wadhani.

Saa hizo mbili ziko pamoja kwa leo tu. Mpya uvae. Niliinunua kwa kuambiwa na Mama Halima, niliyemshikisha kioo juani na kumuuliza kila kona, "Na hapa? Na hapa?" hadi akaniuliza kama nanunua saa au ng'ombe. Anasema haina doa. Anasema hata ukiitazama kwa pembeni inaonekana, jambo ambalo zile za kwanza zililifanya vibaya, na mwangaza wake unashinda jua la hapa. Kama utashinda la Lodwar, utaniambia. Ile ya zamani iache mezani. Nimeipata kwenye mitumba, kioo chake ni kile cha asili, na nimeshaongea na yule fundi mwingine ahamishie kioo hicho kwenye saa ya mwalimu. Si kile cha bwana yake. Ni sawa tu na kile. Najua haitoshi, lakini nilitaka uione kabla haijafunguliwa, uone kioo kizima kilivyo, na ujue kwamba nimejua.

Usibaki. Nimeliandika kwa kalamu nene ili usiseme hukuliona. Ukibaki kwa ajili yangu, nitakuwa nimekufukuza mara moja na kukufunga mara ya pili. Najua kibanda kwa kuhesabu hatua, najua nyumba hii kwa mkono, na Mama Halima ana ulimi wa kutosha kuniongoza Bondeni nzima. Nenda. Lakini ukifika, kabla hujafungua hata masanduku, tafuta watu wa macho. Wakikuambia huna kitu, rudi tena mwaka unaofuata. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kioo kinaweza kuonekana sawa na kisiwe sawa, na kinyume chake. Usimwamini hata mwenye macho hayo, yaani wewe mwenyewe.

Kuna jambo moja la mwisho na jua limeanza kuniondokea mlangoni.

Ulipokwenda Kitale kwa mahojiano ya kazi, nilikusindikiza steji. Uliporudi ulimwambia Mama Halima, naye akaniambia kwa ukali wake, kwamba ulinipungia mkono kutoka dirishani mpaka gari likatoka nje ya geti, na mimi nikasimama tu nimekodoa macho, sikukupungia. Ulisema, "Baba bado amekasirika." Uliondoka na hilo moyoni hadi Kitale, ukaingia nalo mbele ya watu wa mahojiano.

Sikuwa nimekasirika, Wambui. Nilikuwa nakutafuta. Niliangalia dirisha moja baada ya jingine na gari likaondoka kabla sijakufikia.

Kesho nitakuwa pale pale. Usinipungie mkono. Fungua dirisha uniite, kwa sauti, hata watu wakigeuka. Mimi nitapunga nikisikia.

Baba yako